Una kovu la upasuaji na mimba imepitiliza: jinsi ya kupanga kujifungua kwa njia ya kawaida

Wiki ya 40 imekwisha, uchungu hauji, na kila anayepiga simu ana swali lile lile: bado tu? Mama ambaye hajawahi kupasuliwa hupewa jibu jepesi, kwamba akifika wiki ya 41 ataanzishiwa uchungu. Kwako wewe uliyejifungua kwa upasuaji, jambo hilo lina ugumu wake, kwa sababu baadhi ya dawa za kuanzisha uchungu zinaweza kulifanya kovu liachie. Ndiyo maana kina mama wengi waliopanga kujifungua kawaida hujikuta thieta siku chache baada ya tarehe, wakati mwingine bila tatizo lolote kutokea. Hakuna tu aliyekaa nao mapema kuamua itakuwaje uchungu ukichelewa.

Uamuzi huo ukiufanya ukiwa wiki ya 34 hadi 36, kichwa kimetulia, utakuwa bora kuliko ule wa saa nne usiku ukiwa umechoka na miguu imevimba. Kama umeshapitiliza, pitia hatua hizi leo na uende nazo kliniki kesho asubuhi.

Hatua ya 1: Lijue kovu la ndani

Mshono unaouona kwenye ngozi hauelezi chochote kuhusu kovu lililoko kwenye mfuko wa uzazi. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala, juu kidogo ya kinena, kumbe ndani daktari alikata kwa kusimama. Unachohitaji ni maelezo ya upasuaji, ile karatasi aliyoijaza aliyekupasua baada ya kumaliza kazi. Nenda kwenye ofisi ya kumbukumbu ya hospitali ile uombe nakala. Usitegemee kadi ya kliniki. Mara nyingi imeandikwa "upasuaji" na sababu yake kwa maneno mawili, basi.

Kinachotafutwa humo ni mkato wa kulala kwenye sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi. Sehemu hiyo ni nyembamba, haibebi kazi kubwa ya kusukuma wakati wa uchungu, na kovu lake huhimili vizuri zaidi. John Munro Kerr, daktari wa Glasgow, ndiye aliyeupigia debe mkato huo miaka ya 1920. Kabla ya hapo wengi walikatwa kwa kusimama, juu kwenye misuli minene, na ni katika enzi hizo, mwaka 1916, Edwin Cragin wa New York alipotamka kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote. Mkato ulibadilika, kauli ikabaki. Bado utaisikia, hata kwa watu waliosoma.

Njia ya kawaida haishauriwi kama kovu ni la kusimama kwenye sehemu ya juu, kama mfuko wa uzazi uliwahi kupasuka, au kama safari hii kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi. Mkato wenye umbo la T, au upasuaji wa kutoa uvimbe ulioingia ndani kabisa ya mfuko, unahitaji daktari bingwa aupime mwenyewe kabla hujaahidiwa lolote. Ukiwa na makovu mawili ya kulala, mlango haujafungwa moja kwa moja, ila hospitali nyingi hazikubali, na zinazokubali hutaka bingwa awepo.

Karatasi zikiwa zimepotea, jaribu kukumbuka mazingira. Uliyepasuliwa mimba ikiwa imetimia, mtoto akiwa ametanguliza kichwa, huenda kabisa una kovu la kulala. Kama mtoto alikuwa njiti wa miezi sita hivi, au alilala kukingama, uwezekano wa mkato wa kusimama unapanda. Mweleze daktari hayo yote.

Muulize pia kwa nini ulipasuliwa. Sababu isiyojirudia, kama mtoto kutanguliza matako, inakupa nafasi nzuri kuliko uchungu uliokwama. Kwa jumla, kati ya kina mama 100 wenye kovu moja wanaojaribu, 72 hadi 75 hujifungua kawaida. Kwa aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida, iwe kabla ya upasuaji au baada, hufika 85 hadi 90. Uzito mkubwa wa mama na mtoto anayezidi kilo 4 hupunguza nafasi hiyo.

Hatua ya 2: Ihakiki tarehe kabla ya kusema umepitiliza

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima bila kujua. Tarehe ya matarajio huhesabiwa siku 280 kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hesabu hiyo inachukulia kwamba mzunguko wako ni wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, yai lilipevuka wiki moja baadaye kuliko kalenda inavyodhani. Utaambiwa uko wiki ya 41 kumbe uko ya 40.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza, kabla ya wiki ya 14. Hiyo hukosea kwa siku chache tu, hadi wiki moja hivi. Ultrasaundi ya mwezi wa nane au wa tisa inaweza kukosea hadi wiki tatu, kwa kuwa wakati huo watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa wao wa asili. Kwa hiyo kama una kipimo cha mapema, tarehe yake ndiyo tarehe. Usikubali isogezwe na kipimo cha mwishoni, hata pale usogezaji huo unapokufurahisha kwa kukupa siku za ziada. Mtoto hapungui umri kwa sababu mashine imesema ni mdogo.

Kitaalamu, mimba iliyopitiliza ni ile iliyotimiza wiki 42, yaani siku 294. Kati ya wiki ya 40 na ya 41 uko ndani ya kawaida kabisa. Watoto wanaozaliwa siku ileile ya tarehe ni wachache sana.

Hatua ya 3: Pima hatari zote kwenye mizani moja

Ukisikiliza upande mmoja tu utatishwa. Hatari zipo tatu na zinavutana.

Ya kwanza ni kovu kuachia. Uchungu ukianza wenyewe, kwa mwenye kovu moja la kulala, hutokea kwa mama 1 hivi kati ya 200. Ukianzishwa au kuongezwa kwa dawa, hatari hiyo hupanda mara mbili hadi tatu. Upasuaji uliopangwa, unaofanyika kabla ya uchungu, huishusha hadi chini ya 2 kati ya 10,000. Mfuko wa uzazi ukipasuka ni dharura ya dakika: mtoto hukosa hewa, mama huvuja damu ndani, na wakati mwingine mfuko wenyewe hutolewa.

Ya pili ni kusubiri kwenyewe. Kuanzia wiki ya 39 na kuendelea, uwezekano wa mtoto kufia tumboni wakati mnasubiri uchungu ni kama 10 kati ya 10,000, na huongezeka kadiri wiki ya 41 inavyopita kuelekea 42. Kondo huanza kuchoka, maji ya uzazi hupungua, na mtoto anaweza kujisaidia humo humo ndani. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2019 ulisimamishwa kabla ya muda wake baada ya watoto 6 kufariki katika kundi lililosubiri hadi wiki ya 42, na hakuna hata mmoja katika kundi lililoanzishiwa wiki ya 41. Wenye makovu hawakuwemo kwenye utafiti huo, lakini sioni sababu ya kudhani kondo lako lina uvumilivu kuliko la wengine.

Ya tatu inasahaulika kwa kuwa haiji leo. Kila upasuaji unaoongezeka huongeza uwezekano wa kondo la mimba ijayo kujishikiza kwenye kovu na kugoma kutoka. Mama ambaye kondo limeziba mlango wa kizazi na anapasuliwa kwa mara ya pili, hatari ya kondo kugandia ni kama 11 kati ya 100; anayepasuliwa mara ya tatu katika hali hiyo, kama 40. Kwa hiyo swali la watoto wangapi bado mnawataka ni swali la kitabibu kabisa, lijadilini nyumbani kabla ya kliniki.

Jambo moja la kukutuliza: kuvuka wiki ya 40 peke yake si sababu ya kufuta mpango wa njia ya kawaida. Nafasi ya kufanikiwa inapungua kidogo, haitoweki.

Hatua ya 4: Ihoji hospitali

Mwenye kovu hajifungulii nyumbani, wala kituo kisicho na thieta, hata kama mkunga wa pale ana mkono mwepesi kiasi gani. Unahitaji mahali ambapo usiku wa manane kuna mpasuaji, mtaalamu wa ganzi, damu ya akiba, na mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto muda wote wa uchungu. Uliza kila kimoja kwa jina. "Tuna thieta" na "thieta inafanya kazi Jumapili saa tisa usiku" ni majibu mawili tofauti.

Kisha uliza la wiki ya 41. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Daktari, nikifika wiki ya 41 na uchungu haujaanza, mwenye kovu moja mnamfanyaje hapa?"

"Tunampasua."

"Ni utaratibu wa hospitali, au kuna jambo umeliona kwangu?"

"Ni utaratibu, mama. Hatuanzishi uchungu kwa mwenye kovu."

"Nimekuelewa. Basi naomba tuangalie hali yangu. Kovu ni la kulala, mtoto ametanguliza kichwa, maji yapo. Kuanzishiwa kwa puto bila dawa hakuwezekani? Na kama hapa haiwezekani, unaweza kuniandikia rufaa?"

Puto nitalieleza kwenye Hatua ya 6. Swali la pili ndilo lenye uzito. Utaratibu wa hospitali unaweza kuwa na sababu nzuri, mathalani hawana watu wa kutosha kukufuatilia usiku, na basi unajua la kufanya: hama mapema, wiki ya 36, usisubiri ya 41. Sababu iliyoko mwilini mwako ni habari nyingine. Isikilize hata kama haikufurahishi.

Hatua ya 5: Panga wiki kwa wiki

*Wiki ya 39.* Weka miadi ya upasuaji ya akiba, iangukie siku za wiki ya 41. Wengine huona hiyo ni kukata tamaa. Mimi naiona ni akili, kwa sababu ukiwa na nafasi yako kwenye orodha hutavutwa thieta siku yoyote iliyo wazi. Uchungu ukianza kabla, miadi inafutwa tu.

*Wiki ya 40.* Pima shinikizo la damu na mkojo, na omba mlango wa kizazi uangaliwe. Kidole cha mkunga kinatafuta mambo matano: mlango umefunguka sentimita ngapi, umefupika kiasi gani, ni mgumu kama ncha ya pua au laini kama mdomo, umeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Kila kimoja kina alama, jumla yake 13. Ukipata 8 au zaidi, mwili uko tayari, na hata kuanzishiwa kuna matumaini. Ukiwa na 6 kushuka chini, mlango bado. Omba utajiwe alama zako na uziandike, kwa sababu "bado kidogo" haikusaidii kuamua chochote.

Katika kipimo hicho hicho, mlango ukiwa umeachia hata kidogo, mkunga anaweza kuzungusha kidole ndani yake ili kuubandua utando wa chupa ya uzazi kutoka kwenye ukuta wa kizazi. Inauma, na tone la damu na tumbo kuvuta siku hiyo ni kawaida. Huamsha uchungu kwa baadhi ya kina mama, na haiingizi dawa yoyote mwilini. Wengine hurudia baada ya siku mbili tatu.

*Wiki ya 41.* Hapa Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchungu uanzishwe kwa wajawazito walio na uhakika wa tarehe zao. Kwa mwenye kovu, kaa na bingwa mchague moja kati ya matatu: kusubiri siku chache kwa uangalizi, kuanzishiwa kwa tahadhari, au upasuaji. Alama zikiwa nzuri na kichwa kimeshuka, mimi ningeelemea kuanzishiwa. Mlango ukiwa umefungwa kabisa na sababu ya upasuaji wa kwanza ilikuwa uchungu uliokwama, upasuaji uliopangwa si kushindwa. Ni salama kuliko upasuaji wa dharura baada ya saa nyingi za uchungu usiofika popote, ambao ndio wenye madhara mengi kuliko njia zote.

Ukichagua kusubiri, pimwa angalau mara mbili kwa wiki: mapigo ya moyo wa mtoto kwa mashine ya mikanda miwili tumboni, na ultrasaundi ya maji ya uzazi, ambayo kina chake pale yalipo mengi kisipungue sentimita 2. Majibu mazuri yanakwambia mtoto yuko salama leo. Hayatoi dhamana ya keshokutwa.

*Wiki ya 42.* Mpango usivuke hapa.

Katika siku zote hizi, mtoto anavyocheza ndicho kipimo kisichohitaji foleni. Mjue wako: anacheza saa ngapi, kwa nguvu gani. Akipunguza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hao wanaosema mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa wamekosea. Hubadilika namna ya kusogea kwa sababu nafasi ni ndogo, lakini haachi kucheza.

Hatua ya 6: Ukikubali kuanzishiwa, jua wanatumia nini

Puto ndilo la kuulizia kwanza. Ni mpira mwembamba kama ule wa mkojo, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi na ncha yake kujazwa maji. Unakandamiza mlango kwa saa kadhaa, hadi unapofunguka sentimita 3 au 4 na puto kuanguka lenyewe. Kwa kuwa hakuna dawa, hatari kwa kovu ni ndogo kuliko ya vidonge vya kulainisha mlango. Baadaye chupa inaweza kupasuliwa, na ikibidi dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta mikazo, ikafuata, polepole, mikazo isizidi 4 kwa dakika 10. Uzuri wa dripu ni kwamba ikizidi nguvu inafungwa, na ndani ya dakika chache dawa inaanza kuisha mwilini.

Misoprostoli, kimojawapo cha vidonge hivyo vya kulainisha mlango na kuanzisha uchungu, haifai kwa mwenye kovu katika miezi ya mwisho. Kidonge kikishayeyuka hakirudishwi. Usikinunue mwenyewe, usikipokee kwa mtu, na ukipewa kidonge wodini uliza jina lake kabla ya kumeza, kwa sauti, hata kama foleni ni ndefu. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu ziweke kundi hilo hilo, maana hakuna anayejua nguvu ya kikombe kimoja. Mafuta ya nyonyo yatakuachia kuhara na kutapika saa chache kabla ya kazi inayohitaji maji mwilini. Kutembea hakudhuru kitu, ila usitarajie miujiza.

Hatua ya 7: Andika mpango, ukurasa mmoja

Zamu hubadilika na anayekupokea usiku huenda hajawahi kukuona. Andika kitu kifupi hivi, kibandikwe ndani ya kadi:

"Nina kovu moja la kulala, sehemu ya chini, nakala ya maelezo ya upasuaji imeambatanishwa. Sababu ilikuwa mtoto kutanguliza matako. Tarehe imetokana na ultrasaundi ya wiki ya 11. Nataka kujaribu njia ya kawaida. Uchungu usipoanza: puto wiki ya 41 na siku 3 kama mlango unaruhusu, la sivyo, upasuaji siku hiyo. Sipokei misoprostoli. Dripu ianzishwe au kuongezwa baada ya bingwa kuniona. Nakubali kufuatiliwa kwa mashine muda wote. Mapigo ya mtoto yakibadilika au uchungu ukikwama, nakubali upasuaji bila kuchelewa. Kundi langu la damu: ____. Wa kupigiwa: ____."

Sentensi ya upasuaji bila kuchelewa iandike kwa makusudi. Inamwonyesha daktari kwamba hamtabishana, na wengi wao hulegeza msimamo wakishaiona. Anayekusindikiza naye aisome, ili asije akaomba "tusubiri kidogo" wakati hakuna cha kusubiri.

Hatua ya 8: Uchungu ukianza

Usikae nyumbani hadi uchungu ukolee. Mikazo ikishajipanga, au chupa ikipasuka hata bila mikazo, ondoka. Ukifika, jitambulishe kwa maneno haya: "Nina kovu la upasuaji, nimepitiliza tarehe." Utawekewa njia ya mshipa, damu itachukuliwa, mikanda itafungwa tumboni. Ganzi ya mgongoni hukatazwi ikiwa ipo.

Kovu likianza kuachia, dalili ya kwanza mara nyingi huonekana kwenye mapigo ya moyo wa mtoto, kabla hujahisi lolote; ndiyo maana mikanda haivuliwi ili ukazunguke kidogo. Nyingine ni hizi, na yeyote atakayeziona aite mtu papo hapo: maumivu yasiyoachia kati ya mkazo na mkazo, maumivu makali ya ghafla penye kovu au kwenye ncha ya bega, damu ya ukeni isiyo ya kawaida, mkojo wenye damu, mikazo iliyokuwa imekolea kukatika ghafla, kichwa cha mtoto kilichokuwa kimeshuka kupanda tena, mapigo ya mama kwenda mbio, kizunguzungu. Hata ukiwa umewekewa ganzi ya mgongoni na maumivu yakaanza kuipenya, yaseme. Usidhani ganzi imeisha.

Safari ikiishia thieta, ukiwa macho kwa ganzi ya mgongoni bado unaweza kuomba mtoto awekwe kifuani mara tu hali ikiruhusu. Na kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mwombe aliyekupasua akuandikie mkato ulivyokuwa safari hii na kama umerefuka kwenda pembeni au juu, kwa sababu hilo ndilo daktari wa mimba ijayo atakaloliuliza kwanza.